Kocha Asiyerusha Mpira

Norbert Zima alikuja kwetu nikiwa nakaanga vitunguu, na mtu anayeingia nyumbani kwangu nikikaanga vitunguu ama ana njaa ama ana shida. Norbert ni mwenyekiti wa kamati ya shule hapa Vesely, mji wetu mdogo wa wakulima. Siku hizi tumbo linamtangulia, lakini zamani alikuwa mmoja wa vijana wa mume wangu kwenye timu ya besiboli ya shule. Alivua kofia mlangoni, akajikaribisha kiti mwenyewe, akasema, "Mama, zima jiko kwanza. Leo nimekuja na habari."

"Jiko langu halizimwi na habari," nikamwambia. "Sema huku nakaanga."

Akasema. Kamati imekaa, na wote wamekubaliana bila hata mmoja kupinga, jambo ambalo kwa kamati ile ni muujiza, maana rangi ya mlango wa choo tu waliigombania majira yote ya baridi. Uwanja wa shule utaitwa Uwanja wa Laddie Pospisil. Bango limeshaagizwa. Litafunuliwa Jumapili ya kwanza ya Juni, kabla ya mechi yetu na watu wa Krasna, mji jirani. Wachezaji wa zamani wataitwa kutoka popote walipo, na Kocha mwenyewe, mbele ya umati wote, atarusha mpira wa kufungulia mchezo.

Nikageuka kumtazama mume wangu. Alikuwa pale mezani na kahawa yake. Laddie ana uso mrefu, habari njema na habari mbaya huzipokea kwa sura ile ile, na wageni humdhania amenuna. Lakini mimi nimelala naye kitanda kimoja tangu nikiwa binti mwenye kiuno. Niliona uso ukimng'aa aliposikia jina lake, kisha nikauona ukizimika.

"Kurusha?" akauliza.

"Mmoja tu, Kocha, bega lako litavumilia. Kutoka katikati hadi kwa mdakaji. Si unajua desturi."

"Najua desturi," akasema Laddie. "Rosalie, vitunguu vinaungua."

Vilikuwa haviungui.

Sasa mtauliza, mtu amecheza besiboli tangu utotoni, amefundisha mpaka mvi zimemwota masikioni, anaogopa nini kurusha mpira mmoja? Ngoja niwaambie. Kwetu jambo hili lilikuwa halisemwi hata chumbani, lakini leo nitalisema.

Laddie alitoka shambani kwa baba yake, mzee Vaclav, mtu aliyeamini kwamba michezo ni ugonjwa wa watu wasio na ng'ombe. Alikuwa kijana mbichi timu moja ya ligi ndogo ilipomchukua akalinde kituo cha pili. Ligi ndogo ndiko wanakopikwa wachezaji kabla ya kupelekwa ligi kuu, na wengi hupikwa mpaka wakaungua. Alizunguka na mabasi mabovu Kansas, Texas, Dakota zote mbili, akilala kwenye nyumba za wajane waliomlisha maharage asubuhi na jioni. Kila majira ya baridi alirudi Vesely kubeba magunia kwenye ghala la nafaka na kucheza polka na mimi ukumbini.

Mikono yake, jamani! Mpira unakuja umechapwa, unaruka ruka kwenye kokoto, una hila zote, lakini ukimfikia yeye unatulia kama kichanga kilichopewa titi. Na kazi ya mlinzi wa kituo cha pili ndiyo hiyo: udake mpira wa chini, uinuke, uurushe kituo cha kwanza kabla mpigaji hajafika. Hicho kituo cha kwanza wala si mbali. Kipo pale. Mimi na aproni yangu naufikisha mpira bila kutoka jasho.

Mwaka wake wa tisa alikuwa kwenye ngazi ya mwisho kabisa, mlango wa ligi kuu uko mbele ya pua yake. Agosti ile mlinzi wa kituo cha pili wa huko juu akavunjika kidole. Meneja akamwita Laddie, akamwambia, "Pospisil, piga pasi shati lako. Keshokutwa unapanda ndege." Laddie akaenda dukani akanunua tai. Jioni akaingia uwanjani, na mpira wa kwanza uliomjia ulikuwa mwepesi, kuku angeudaka. Akaudaka. Akainuka. Akautazama mkononi.

Anasema hapo ndipo alipokosea. Aliutazama, akaanza kuwaza mkono unakwendaje, vidole vinaachia wapi. Akarusha, na mpira ukatua kwenye bia ya mzee mmoja jukwaani. Watu wakacheka. Wa pili ukaenda kwa muuza karanga. Wa tatu hakuurusha kabisa; aliukumbatia akakimbia nao mwenyewe hadi kituo cha kwanza kama mtu anayefukuzia basi.

Kesho yake mambo yakawa yale yale, na keshokutwa ndege ikaondoka na mtu mwingine. Mkono wenyewe ulikuwa mzima. Ulikata kuni, ulibeba magunia, ulinishika kiuno vizuri tu. Ulisahau kitu kimoja duniani, nacho ndicho kilichokuwa kazi yake. Watu wa besiboli wanalijua balaa hilo, na hawalitaji. Wana mambo mengi ya kipuuzi wanayoogopa kuyataja, lakini hili ndilo baba lao: ukilitaja linakuhamia. Wenzake wakaanza kumkwepa kwenye benchi. Hawakumtukana wala hawakumuuliza kitu. Walimwachia nafasi tu, pande zote mbili, akakaa peke yake hadi msimu ukaisha. Akarudi nyumbani na ile tai, akaivaa siku ya harusi yetu.

Shule ilikuwa inatafuta dereva wa basi na kocha, ikampata Laddie kwa yote mawili. Wiki ya kwanza tu tatizo likajitokeza. Kocha anatakiwa awarushie vijana mipira ya mazoezi ili wajifunze kupiga. Laddie akarudi nyumbani, akaizunguka meza, akafungua kabati akalifunga, mwisho akaniuliza, "Rosalie, zamani si ulikuwa unawarushia mawe kunguru shambani kwenu?"

"Na nilikuwa nawapata," nikasema.

Basi ndivyo nilivyoanza. Kila alasiri ya msimu, mimi, sketi na raba, nasimama katikati ya uwanja wa shule nawarushia watoto wa watu mipira mpaka bega linalia. Nilirusha hata nikiwa na mimba ya binti yetu Loretta, tumbo likiwa limefika hapa, na wapigaji wakiogopa kupiga kwa nguvu. Waliniita Mama Kocha. Waliouliza tuliwaambia Kocha ana bega bovu, la kulia, aliumia huko Texas. Uongo ulikuwa mdogo wakati ule. Tukaulea, ukanenepa.

Yeye Laddie alishika gongo jembamba la mazoezi, na kwa gongo lile alikuwa mchawi. Weka kofia yako popote kwenye nyasi, atakupigia mpira uingie ndani yake. Aliwapigia vijana mipira ya chini hadi jua linazama, huku mdomo haupumziki. "Eugene, miguu hiyo umeazima? Mrudishie mwenyewe!" Eugene alikuwa mrefu kama ngazi na anajikwaa kwenye kivuli chake. "Norbert, mpira haung'ati, anayeng'ata ni mama yako ukimpelekea suruali chafu!" Na aliyediriki kuushika mpira akauangalia kabla ya kurusha alikuwa amejitafutia: "Unauangalia nini, umeuposa? Achia! Usifikirie, achia!"

Sauti yake ilikuwa inabadilika akisema hivyo. Mimi tu ndiye niliyeisikia, au ndivyo nilivyodhani.

Mpira ukihitajika kwa mwamuzi, Laddie alikuwa anaupeleka mwenyewe mkononi, taratibu, kama mtu anayepeleka sadaka mbele ya kanisa. Na timu zake! Vesely haijawahi kuwa na wapigaji wa maana, tusidanganyane, lakini mpira wa chini ulikuwa haupiti. Timu za miji mikubwa zilishuka kwenye mabasi yao kwa mbwembwe na kupanda zimenuna. Zaidi ya miaka thelathini amefanya kazi hiyo, na huu ulikuwa msimu wake wa mwisho.

Norbert alipoondoka siku ile, Laddie akasema, "Mwambie hapana."

"Mdomo unao. Mbona hukumwambia mwenyewe?"

Akakoroga kahawa yake. Halafu akasema, huku anakitazama kikombe, "Kwa sababu nautaka. Nautaka uwanja ule uwe na jina langu, Rosalie, mpaka naona haya. Baba alifariki akiniambia sitaacha hata kibanda cha kuku."

"Basi rusha."

"Mbele yao?" Akainua uso. "Wale wote nimewaambia achia, usifikirie. Sasa ni baba za watu, wanawaambia watoto wao, Kocha alituambia hivi. Halafu waje wanione naupeleka mpira kwenye paa la choo? Watasema tulifundishwa kuogelea na mtu asiyejua maji. Kila nilichowapa watakitilia shaka."

Macho yalikuwa yamemlowa. Nilikuwa nimeshajiandaa kumfokea, maneno yapo kwenye ncha ya ulimi, yakanirudi tumboni. Nikamkatia mkate akala.

Tukaanza mazoezi ghalani kwetu, asubuhi, milango imefungwa. Nikatundika godoro kuukuu ukutani, akasimama mbali kiasi cha uwanjani. Mpira wa kwanza ukavunja taa. Wa pili ukamkuta jogoo ambaye hakumkosea mtu. Wa tatu ukatokea dirishani, upande wa kulia, na kioo chake. Nikajaribu kila hila. Nikamwambia arushe huku anaimba. Nikamwambia arushe huku ananitajia majina ya ng'ombe wa baba yake. Nikamwambia afumbe macho, na hapo mimi nikajificha nyuma ya trekta. Siku zikaenda, kuku wote wakahamia kwa jirani, na godoro letu halijaguswa.

Jirani mwenyewe ni Deloris, mdogo wangu, ambaye Mungu alimpa macho makubwa na kazi ndogo. "Dada, mnajenga nini humo ndani?" akaniuliza juu ya uzio.

"Tunaua panya."

"Ahaa. Panya wa siku hizi wanavunja madirisha?"

"Chunga sufuria yako, Deloris."

Wiki ya mwisho nikasema imetosha. Tunaufunga mkono. Kitambaa shingoni, mkono umelala kifuani, Kocha kaanguka ngazini, pole sana Kocha, Norbert atarusha badala yako, bango linafunuliwa, tunakula, tunarudi nyumbani. Laddie akaniangalia.

"Nimewadanganya vya kutosha," akasema.

"Basi huu mmoja utatoshea mfukoni."

Akakubali, lakini alikubali kama mtu anayeketi kung'olewa jino. Mficha maradhi kifo humuumbua, nalijua hilo, nimeambiwa na bibi yangu na bibi yangu aliambiwa na wake. Lakini ukimwona mume wako ameacha kula kwa ajili ya mpira mmoja, methali unaziweka kando.

Jumapili ikafika, jua zuri, nyasi za uwanja zimekatwa asubuhi ile. Magari yalijaa mpaka kando ya makaburi. Wanawake wa kanisa walipanga meza karibu na uzio: kolachi, vile vimkate vitamu vyetu, za plamu na za jibini, nyama ya nguruwe na kabichi iliyochachushwa. Mimi nilikuwa nimechelewa. Kolachi zangu bado ziko kwenye oveni, nywele hazijakaa, na Laddie amesimama jikoni kama mtoto anayesubiri kuvalishwa. Nikamfunga kitambaa haraka haraka, tumekabiliana uso kwa uso, nikakaza fundo, nikampiga kofi dogo shavuni, tukaondoka. Yeye ndiye aliyeendesha gari.

Langoni tukapokewa na Norbert pamoja na Stanley Kucera. Stanley ni muuza nyama wetu. Alikaa kwenye timu ya Laddie miaka yake yote ya shule na hakuwahi kudaka mpira hata mmoja, akabakizwa kwa sababu ya vichekesho.

Norbert akakitazama kitambaa. Akakitazama tena.

"Pole, Kocha. Umeanguka?"

"Ngazini," akasema Laddie.

"Vibaya sana," nikasema mimi. "Tena sana."

"Mkono wa kushoto," akasema Norbert.

Nikatazama. Mungu wangu wee! Nimeufunga wa kushoto! Nilikuwa nimemkabili, nikaufunga ule uliokuwa upande wa kulia kwangu. Na Laddie, mwanamume mzima, amekaa na kitambaa kile njia nzima, anabadilisha gia kwa mkono wake mbovu wa kulia, hakugundua kitu! Nilitamani ardhi ipasuke. Niliwaza kusema kwamba maumivu yamehama.

Hakuna aliyecheka. Ningekuwa na akili saa ile, hilo lingenishtua, maana Stanley ni mtu anayecheka hata mazishini. Alikohoa tu, akaviangalia viatu vyake. Norbert akasema taratibu, "Basi wa kulia uko salama. Tumshukuru Mungu."

Laddie akakivua kitambaa, akakikunja, akanikabidhi. Alinigusa kiwiko kidogo, kisha akaenda zake kuelekea uwanjani, mgongo umenyooka, na mimi nikapanda jukwaani kukaa na Deloris.

Wakafunua bango. Herufi nyeupe kwenye kijani: UWANJA WA LADDIE POSPISIL. Watu wakapiga makofi mpaka mbwa wakabweka. Nilimwona Laddie akilisoma jina lake mara mbili, midomo ikicheza, kama anahakikisha hawajakosea. Padri akaomba, Norbert akahutubia, bendi ya shule ikapiga kitu. Halafu mtu akampa Laddie mpira, na mdakaji, kijana wa timu ya sasa, akachuchumaa mahali pake. Laddie akasimama pale katikati ambapo kwa miaka yote nilisimama mimi. Mpira aliushika kama kaa la moto.

"Kabla Kocha hajarusha," Norbert akasema kwenye kipaza sauti, "wachezaji wake wa zamani watashuka kumpa heshima."

Wakashuka. Maskini, vijana wetu! Vipara, matumbo, miwani, mmoja na nguo za jeshi la anga, wengine wamefuatana na watoto wao ambao nao alikuja kuwafundisha. Eugene alikuwepo, bado mrefu, bado anajikwaa. Wakajipanga mstari mmoja nyuma ya mdakaji, bega kwa bega, kutoka benchi la timu moja hadi benchi la timu nyingine.

"Gwaride zuri," nikamwambia Deloris.

Ndipo nikaziona glavu. Kila mmoja ana glavu mkononi. Sasa gwaride gani la heshima linakuja na glavu? Halafu wote wakainama. Magoti yamekunjwa, makalio chini, mikono mbele, vidole karibu viguse vumbi, hivyo hivyo kama Laddie alivyowapigia kelele wainame. Ulikuwa ukuta wa watu, uwanja mzima, hakuna pa kupita hata sungura. Na upande wa kulia walikuwa wengi zaidi, wamesimama safu mbili.

"Kwa nini wamejaa kulia?" nikauliza.

"Kwa sababu dirisha lililovunjika ni la kulia," akasema Deloris, anamenya karanga.

Nikamgeukia.

"We dada," akasema, "ulidhani hatujui?"

"Mnajua nini?"

"Kocha gani anampelekea mwamuzi mpira kwa miguu? Kocha gani anamweka mkewe mja mzito arushe mipira, yeye kasimama na gongo? Stanley anasema walijua tangu wiki ya kwanza."

"Wiki ya kwanza!" Watu wakageuka. "Na hamkusema?"

"Lile jambo linatajwa? Wewe umeolewa na mtu wa besiboli, hujui halitajwi? Norbert aliwakataza hata kucheka langoni leo. Stanley karibu afe."

Nilipandwa na hasira, nawaambia ukweli. Bega langu! Nimelipaka dawa ya farasi kila jioni ya kila msimu kulinda siri ambayo mpaka padri anayo! Nilitaka kumpiga Deloris na mkoba. Nikaufungua nitafute leso badala yake, maana nilikuwa nimeshaanza kulia, na kilichotoka ni kile kitambaa cha mkono wa kushoto, nikajifutia hicho hicho.

Pale katikati Laddie naye alikuwa ameshaona. Hakuna mtu duniani anayeujua ule mkao wa magoti kuliko yeye, aliubuni yeye. Akawatazama kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho, mmoja mmoja, hakuna aliyekwepesha macho. Wamemwinamia, wanamsubiri. Akavua kofia, akajipangusa uso, akairudisha kichwani.

Akarusha.

Jamani! Hata ghalani haukuwahi kwenda vibaya vile. Mdakaji alibaki ameduwaa, mpira uko juu huko, umepinda kulia, unazielekea meza za kolachi. Mstari mzima ukayumba kuufuata. Stanley akaanza kurudi nyuma, anarudi, anarudi, tumbo mbele, akakwaa begi la magongo, akaanguka chali na miguu hewani. Tukaona mkono mmoja tu umebaki juu, na ndani ya glavu mpira.

"Ninao!" Stanley akapiga yowe akiwa chini. "Kocha! Mungu wangu, ninao!"

Sijawahi kusikia kelele kama zile Vesely. Watu wa Krasna nao walisimama. Na Laddie akaanza kucheka. Kwanza mabega, halafu yeye mzima, ameshika magoti. Kicheko kile nilikuwa nimekisahau. Kilikuwa cha ukumbini, cha polka, cha kabla ya ile Agosti.

"Umeudaka na nini, Stanley?" akamwitia. "Na mafuta?"

"Na mafuta, Kocha!"

"Tena!" Eugene akapaza sauti kutoka upande wa pili. "Huku kwetu hatujapata kitu, Kocha! Leta!"

Mtu akambingirishia mpira mwingine. Laddie hakuutazama, alirusha papo hapo, ukapita juu ya benchi, na wanaume wenye wajukuu wakaukimbilia wanasukumana, "Wangu! Wangu, toka!" Mwingine ukaiangukia bendi, ukatoa mlio kwenye ngoma kubwa. Mwingine ukaenda moja kwa moja kwa mdakaji, sawasawa kifuani, na Laddie wala hakuuona ulivyotua, alikuwa ameshanyoosha mkono aletewe mwingine.

Mwamuzi, kijana wa Krasna, akasogea, ameshika saa yake. "Mzee, samahani, huwa ni mpira mmoja tu."

"Kaa kitako ule kolachi, mwanangu," Laddie akamwambia. "Eugene bado hajapata wake."

Nikaweka mkoba mapajani mwa Deloris, nikashuka kumletea ndoo nzima ya mipira.